MAROBOTI YA RANGI NAYO HUZEEKA, TENA SPEA ZAKE NI KASHESHE

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuyaweke kando yale ya nani kamwacha nani. Nataka nikusimulie habari za mzee mmoja ambaye halewi, havuti, hana nyumba ndogo wala madeni ya kijiweni, lakini akiugua siku moja tu tajiri wake hapati usingizi. Mzee huyo ni roboti la kupaka rangi.

Usicheke. Ile Corolla ya mtumba kutoka Japani uliyopanda jana kama teksi, rangi yake ya kwanza kabisa, kabla haijaja kugongwa na kupigwa puti za huku kwetu, kuna uwezekano mkubwa haikupulizwa na mkono wa binadamu. Ilipulizwa na mkono wa chuma ndani ya chumba kilichofungwa. Gari lenyewe limeshazeeka, limevuka bahari, limebadilishwa injini. Je, umewahi kujiuliza lile roboti lililolipaka rangi liko wapi?

Basi jua kwamba roboti la kiwandani likitunzwa hupiga kazi miaka ishirini na zaidi. Yapo yaliyouzwa kwenda viwanda vingine, yapo yaliyochinjwa yakawa spea za wenzake, na yapo ambayo mpaka leo yanaamka asubuhi na kunyanyua bomba la rangi kama kawaida. Tatizo ni kwamba dunia iliyoyatengeneza imeshahama. Kadi zake za umeme hazitengenezwi tena, na fundi aliyeyafunga amestaafu.

Mimi ni mtu wa Form Four tu, na fizikia yenyewe niliipita kwa mbinde. Lakini jambo hili nimelifuatilia nikaona lina somo kwa kila mtu mwenye kitu cha zamani, iwe kiwanda, gari au cherehani. Somo lenyewe ni hili: kinachomuua mzee huyu kwa kawaida si ule mkono mkubwa wa chuma. Ni kikorokoro cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekifikiria mapema.

YALIANZIA KWENYE MATOROLI

Watu wengi wakisikia roboti wanafikiria Japani au Marekani. Lakini roboti la kupaka rangi lilizaliwa Norway, katika mji mdogo wa Bryne, kwenye kiwanda cha matoroli. Ndiyo, matoroli haya haya ya kubebea mchanga na zege.

Kiwanda hicho kiliitwa Trallfa. Miaka ya 1960 kilikuwa na shida ya watu. Kazi ya kupuliza rangi matoroli ilikuwa chafu, mvuke wa rangi unaingia kifuani kutwa nzima, na vijana hawakuitaka. Fundi wao mmoja, Ole Molaug, akapewa jukumu la kutafuta njia. Kufikia mwaka 1967 mkono wa kwanza ulikuwa unapaka matoroli palepale kiwandani. Hawakuutengeneza ili wauuze, waliutengeneza ili kazi yao iende. Mwaka 1969 ndipo wakauza wa kwanza, kwenda Sweden katika kiwanda cha Gustavsberg, kupaka enameli mabafu ya kuogea.

Namna lile roboti lilivyofundishwa kazi inafurahisha. Halikuandikiwa programu ndefu na wasomi. Mpaka rangi hodari alishika mkono wake na kupaka toroli moja kwa mwendo wake wa kawaida, huku mkanda wa sumaku ukinasa kila mpindo, kama unavyorekodi taarabu kwenye kaseti. Akimaliza, roboti linarudia vilevile mara elfu. Kama mwalimu ana maringo ya mkono, na mwanafunzi naye atakuwa nayo.

Miaka ya 1980 kazi hiyo ya Norway ikaingia mikononi mwa ASEA ya Sweden. Mwaka 1988 ASEA ikaungana na Brown Boveri ya Uswisi ikazaliwa ABB. Na mwezi Oktoba 2025 ABB ikatangaza makubaliano ya kuuza biashara yake ya maroboti kwa SoftBank ya Japani. Kumbuka mlolongo huo, maana mwenye roboti la zamani anayetafuta spea anapaswa kujua mtoto huyu kaolewa na nani na kahamia ukoo gani.

Kwa upande wa pili, mwaka 1982 General Motors ya Marekani na FANUC ya Japani waliunda kampuni ya pamoja, GMFanuc, na maroboti ya rangi yalikuwa kati ya mambo yao makubwa. Mwanzo haukuwa mteremko. Kiwanda cha General Motors cha Hamtramck, Detroit, kilipoanza kazi mwaka 1985, magazeti ya huko yaliandika jinsi baadhi ya maroboti yalivyoacha magari yakawa yanapakana rangi yenyewe kwa yenyewe. Yalikuja kutulia baadaye, na ule uchokozi wa ujana ukaisha. Sasa ni zamu ya magonjwa ya uzee.

SI KILA ROBOTI LINAINGIA HUMO

Hapa ndipo penye siri ya ugumu wa spea zake. Ukienda gereji ya rangi ukavuta ile harufu ya tina, ujue hewa hiyo inawaka. Ndani ya chumba cha rangi cha kiwanda cha magari, ambako magari yanapita moja baada ya jingine kutwa, mvuke ni mwingi zaidi. Cheche moja ya mota au waya uliolegea ni moto, na moto wa mvuke hausubiri mtu avae viatu.

Ndiyo maana maroboti ya kwanza yaliendeshwa kwa nguvu ya mafuta, yaani haidroliki, kama greda. Mota ya umeme ilikaa nje, mafuta yanaingia ndani kwa mabomba. Hayo ya mafuta yana ugonjwa wake: sili zinachoka, mafuta yanachuruzika, na tone moja likidondokea kwenye bodi ya gari, rangi imeharibika.

Yalipokuja ya umeme mtupu, wahandisi walifanya ujanja. Mota na waya zimefungiwa ndani ya mkono, na humo inasukumwa hewa safi yenye msukumo kuzidi hewa ya nje, ili mvuke wa rangi usipate pa kuingilia. Ukiliwasha halikurupuki. Kwanza linajisafisha kwa hewa hiyo dakika kadhaa, ndipo umeme unaruhusiwa kupita. Msukumo ukishuka, linajizima lenyewe.

Sasa fikiria sili moja ya mpira imekatika. Kwenye mashine ya kawaida unachonga nyingine kwa tairi la zamani mambo yanaenda. Kwenye roboti la rangi, sili hiyo ndiyo ukuta kati ya umeme na moto. Kuna sheria kabisa. Ulaya wana masharti wanayoyaita ATEX kwa vifaa vya sehemu zenye hewa ya kulipuka, na kuna kiwango cha kimataifa, IEC 60079-19, kinachoeleza jinsi vifaa vya aina hiyo vinavyopaswa kukarabatiwa. Ukiweka kifaa cha kubahatisha, roboti linaweza kutembea vizuri tu, lakini cheti chake cha usalama kimekufa. Siku ya siku, bima nao watakuuliza.

Tena kuna adui mwingine wa kuchekesha: silikoni. Chembe ndogo sana ya silikoni ikiangukia kwenye gari kabla ya rangi, rangi inaikimbia na kuacha vishimo kama vya ndui. Kwa hiyo grisi ya kawaida uliyoizoea huenda isifae humo. Viwanda vingi huwakataza hata wafanyakazi wao kuingia chumba cha rangi wamejipaka baadhi ya losheni, mafuta ya nywele na manukato ya kupuliza. Dada zangu wa saluni, huko mngeachwa getini!

LINAZEEKA WAPI?

Ukilitazama roboti la miaka ya 1990 utaona mkono mzito wa chuma, unadhani ndio utakaochoka. Wapi! Chuma ndicho kinachodumu. Gia zake zikibadilishiwa grisi kwa wakati huenda miaka mingi. Uzee unaanzia usikokuona.

Wa kwanza ni kapasita. Mafundi redio mnazijua, zile zinazofanana na vikopo vidogo ndani ya kadi. Ndani yake mna majimaji, na majimaji hayo yanakauka polepole. Kuna kanuni ya mafundi kwamba joto likizidi nyuzi 10, maisha ya kapasita yanapungua nusu. Kwa hiyo feni ndogo ya kabati la umeme, kitu cha bei ya sahani chache za pilau, ikisimama bila mtu kujua, inazikausha kapasita za kadi yenye bei ya gari. Mafundi wazuri wanabadilisha feni na vichujio vya vumbi kabla havijalalamika.

Wa pili ni betri. Roboti linapozimwa lazima likumbuke kila kiungo chake kimekaa wapi, na kumbukumbu hiyo katika mashine nyingi inalindwa na betri. Maroboti mengi ya FANUC hutumia betri nne za ukubwa wa zile za tochi kubwa, na hubadilishwa takriban kila mwaka, tena mashine ikiwa imewashwa. Ukizembea zikaisha, asubuhi roboti linaamka halijui mkono wake uko juu au chini. Linahitaji kupimwa upya kiungo kwa kiungo, na hapo kila programu ya kila aina ya gari inabidi ikaguliwe. Hasara yote hiyo kwa ajili ya betri nne! Na usidhani utaokota yoyote dukani ukaichomeka ndani ya chumba cha rangi. Hata betri inatoa cheche, kwa hiyo kifaa cha humo kiwe kile kilichoidhinishwa.

Wa tatu ni mipira na nyaya zinazopita ndani ya mkono. Kila gari linalopita, kiwiko kinapinda na kunyooka, kifundo kinajizungusha. Waya unaanza kukatika uzi mmoja mmoja. Ugonjwa huu ni wa kisirani kwa sababu unakuja na kuondoka. Roboti linasimama mara moja kwa wiki, ukilizima na kuliwasha linapona. Fundi mgeni atabadilisha kadi, atabadilisha mota, pesa inakwisha, kumbe ni waya uliokatikia ndani ya ganda lake.

Wa nne ni kile kichwa kinachopuliza. Magari mengi hayapuliziwi kwa bomba kama letu la gereji. Kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozungushwa kwa hewa mara 30,000 hadi 60,000 kwa dakika, na rangi inarushwa kutoka ukingoni kama ukungu. Halafu inapewa umeme wa volti makumi ya maelfu ili iivamie bodi ya gari na isipotee hewani. Kikombe hicho kinaelea juu ya hewa, hakina bearing ya chuma. Hewa ikija na tone la mafuta au maji kutoka kwenye kompresa, kwisha habari yake. Na kikiangushwa sakafuni kikapata kovu dogo ukingoni, kovu hilo litaonekana kwenye kila gari.

SPEA ZINATOKA WAPI?

Nilipomweleza habari hizi kaka mmoja anayepiga rangi magari mtaani kwetu, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Sawa, mdogo wangu. Sasa hilo likikata usiku, spea wanapata wapi?" Ndilo swali lenyewe.

Mlango wa kwanza ni kwa mtengenezaji. ABB huyapanga maroboti yake katika ngazi nne za umri. Ya kwanza ni yale yanayouzwa sasa. Ya pili ni yale yaliyoacha kuuzwa lakini bado yanahudumiwa kikamilifu. Ya tatu huduma imepungua. Ya nne spea hazina ahadi tena. Vichwa vyake vya umeme vimekuja kwa vizazi: S4 mwaka 1994, IRC5 mwaka 2004, OmniCore mwaka 2018. Mwenye roboti anatakiwa ajue mzee wake yuko ngazi gani leo, si siku linapozimika. FANUC wao wanajitangaza kwamba watalihudumia roboti lao muda wote ambao mteja bado analitumia. Ni ahadi nzuri, lakini kuhudumiwa ni jambo moja na kuhudumiwa leo usiku ni jambo jingine.

Mlango wa pili ni kubadilishana. Unapeleka kadi au mota iliyokufa, unapewa iliyokarabatiwa na kupimwa, unaongeza pesa. Yako inaingia kwenye foleni ya ukarabati kwa ajili ya mwingine. Ni kama mtungi wa gesi. Ndiyo maana fundi mwenye akili hatupi kadi mbovu hata siku moja. Ile maiti ina thamani.

Mlango wa tatu ni kuchinja. Kiwanda fulani kikifungwa au kikinunua mitambo mipya, maroboti yake ya zamani yanauzwa. Mwenye kama hayo ananunua mawili matatu, anayalaza stoo, kila akikwama anakata kipande. Sisi watoto wa Gerezani hatuhitaji kufundishwa hili. Gari la ajali likifika pale asubuhi, jioni limeshagawanyika mitaa mitano.

Mlango wa nne ni kampuni za pembeni zinazonunua mazee, kuyafungua, kuyaosha, kubadilisha sili, grisi na nyaya, kisha kuyauza yakiwa na dhamana ya muda. Mlango wa tano ni kuchongesha. Bano, kishikio au kifuniko kisichogusa usalama unaweza kukichongesha karakana nzuri. Kitu kinachozuia cheche usichongeshe.

Na mlango wa sita unafunguka mara moja tu. Mtengenezaji anatuma barua: kuanzia tarehe fulani hatutengenezi tena kifaa hiki, anayetaka aagize sasa. Wengi huiweka barua hiyo kwenye droo. Miaka mitano baadaye wanaitafuta huku jasho linawatoka.

CHANGA LA MACHO

Palipo na uhaba hapakosi wajanja. Kadi mbili zinaweza kufanana kama mapacha, namba ndefu ni ileile, tofauti ni herufi moja ya mwisho. Herufi hiyo ndiyo toleo, na kichwa cha roboti kinaweza kuikataa kadi nzima kwa sababu yake.

Neno "imepimwa" nalo lichungulie vizuri. Kuna aliyeipima kwa kuiwasha, taa ikawaka, akaridhika. Kuna aliyeifunga kwenye roboti zima, mota ikabeba mzigo kwa saa kadhaa. Hao wawili wote wataandika "imepimwa". Muulize muuzaji ameipimaje na dhamana ni ya siku ngapi. Akianza kukuimbia, ondoka.

Na kifaa cha chumba cha rangi kikija bila kibandiko chake cha usalama, au kibandiko kimekwanguliwa, kiache hata kama kinauzwa bei ya karanga. Huwezi kujua nani alikifungua, alifunga sili gani, na kama hewa inavuja. Unaponunua hapo, unaununua na usalama wa wanaoingia humo kufanya usafi na matengenezo.

STOO NAYO INA UGONJWA

Wapo wanaodhani wakishajaza stoo wameshinda. La hasha. Spea huzeeka ikiwa imelala. Sili za mpira zinakakamaa, grisi inaachana na mafuta yake, betri inaisha ndani ya boksi. Kapasita ya kadi iliyokaa miaka mingi bila umeme nayo huharibika, ukiichomeka ghafla inaweza kupasuka. Kadi za aina hiyo hurudishiwa umeme taratibu, kidogo kidogo, kama mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula.

Kwa hiyo stoo nzuri ina tarehe kwenye kila boksi, iko pakavu, haina joto, na kadi zimelazwa kwenye mifuko maalumu ya kuzuia umeme wa mguso. Na mara mojamoja kadi ya akiba inafungwa kwenye mashine, inafanya kazi, kisha inarudi kulala. Ile ambayo haijawahi kujaribiwa si akiba, ni matumaini.

Basi ununue nini kwanza? Usinunue kinachopendeza macho. Jiulize maswali matatu: kikifa, kazi inasimama yote au kidogo? Kukipata kunachukua siku ngapi? Bado kinatengenezwa? Kitu kinachosimamisha kazi yote, kinachochukua miezi na hakitengenezwi tena, ndicho cha kununua leo hata kama ukubwa wake ni kama kiberiti.

Anayebisha akumbuke Februari 1997, moto ulipoteketeza kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani, kilichokuwa kikiitengenezea Toyota kivalvu kidogo cha breki. Toyota na ukubwa wake wote ikasimamisha karibu viwanda vyake vyote vya Japani kwa siku kadhaa. Kivalvu kinachoenea kiganjani!

SPEA ILIYO KICHWANI

Sasa nakuja kwenye spea ambayo haiuzwi popote, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote. Ni ujuzi.

Roboti la miaka ya 1990 lilihifadhi programu zake kwenye flopi. Vijana wa leo wengine hawajaishika flopi. Flopi zenyewe zinaoza, na mashine ya kuzisoma nayo inakufa. Humo ndimo mna mwendo wote wa mkono, lini ufungue rangi, lini ufunge, kwenye kona upunguze kasi kiasi gani. Ni kazi ya miaka ya watu waliokuwa wanajua rangi. Ukiinunua kadi mpya kwa bei ya kuumiza lakini nakala ya programu huna, umenunua kichwa kisicho na akili.

Dawa ipo na ni rahisi. Kuna vifaa vinavyochukua nafasi ya flopi ili nakala zikae kwenye kumbukumbu za kisasa. Toa nakala ya kila kitu mashine ikiwa nzima, weka sehemu mbili tofauti, kisha ijaribu kama inarudi. Andika na vipimo vya kila kiungo kilipo nyumbani kwake, maana siku betri ikifa karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Halafu kuna yule mzee wa zamu ambaye akiweka kiganja juu ya mkono wa roboti anajua gia ya tatu inanung'unika. Hakuna kitabu kilichoandika hayo. Siku anapoagwa kwa keki na saa ya ukutani, spea hiyo inatoka getini imevaa suti. Kiwanda chenye akili kinampa kijana wa kutembea naye miaka miwili kabla, na daftari. Kila ugonjwa, tarehe, dalili na dawa yake. Daftari la shilingi chache linaweza kuzidi thamani ya stoo nzima.

KUTIBU AU KUZIKA?

Haina maana kwamba kila mzee lazima atibiwe milele. Kuna wakati unaweza kuuacha mkono wa chuma na kubadilisha kichwa cha umeme tu. Kuna wakati gharama za kuwinda spea na siku za kusimama zikijumlishwa zinazidi roboti jipya, na jipya linapoteza rangi kidogo zaidi. Wataalamu wana hata kiwango cha kimataifa cha kupanga mambo haya ya vifaa vinavyopitwa na wakati, IEC 62402. Kwa lugha yetu ya kijiweni kinasema usingoje mpaka uulizwe spea ndipo uanze kuitafuta.

Ukiamua kuzika, zika kwa akili. Ukiwa na maroboti kumi ya umri mmoja, ondoa mawili kwanza, na hayo mawili yawe damu ya yale manane. Ndivyo wengi wanavyovuka salama mpaka pesa ya mitambo mipya ipatikane.

Nasikia msomaji unasema: mwandishi, mimi nina cherehani na friji, maroboti yananihusu nini? Yanakuhusu. Chukua cherehani yako ya Singer. Unaijua namba yake? Mkanda wake wa akiba unao? Fundi wako akihama mtaa, kuna mwingine anayejua inapokwama? Kama majibu ni hapana mara tatu, basi wewe na yule meneja anayetokwa jasho mbele ya roboti lililozimika ni ndugu wa tumbo moja, tofauti ni ukubwa wa hasara.

Kazi ya mvuke ule ilikuwa inaharibu vifua vya watu, ndiyo maana mafundi wa Bryne wakaupa chuma. Chuma kikikosa spea, kuna siku bosi atataka mtu avae kinyago aingie humo kumalizia magari yaliyobaki. Kwa hiyo anayebadilisha betri kwa wakati na kuandika daftari lake anamlinda mwenzake asirudishwe kwenye ule moshi. Kazi hiyo haipigiwi makofi, lakini mshahara wake uwe mzuri.

Haya, tukutane wiki ijayo tukijaaliwa. Na wewe wa cherehani, inuka sasa hivi ukaitazame ile namba.